Saa ya babu isiuzwe kwa mizani kabla ya kufunguliwa

MKAZI wa Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hahitaji kufundishwa thamani ya dhahabu. Ukishuka mlima Sekenke kuelekea Shelui unaingia eneo ambalo Wajerumani walichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotengenezewa Tabora, mwaka 1916, sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wachimbaji wadogo bado wapo, na Oktoba 2025 bei ya wakia moja (gramu 31.1) ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza.

Bei ya namna hiyo hufungua masanduku ya wazee. Hutoka pete, hutoka heleni, na mara mojamoja hutoka saa ya mfukoni yenye maandishi Waltham au Elgin, imesimama miaka mingi na kasha lake linang'aa. Mrithi huiweka mfukoni na kuipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha, ama kwa kuuza kisichokuwa dhahabu wakidhani ni dhahabu, ama kwa kutoa bure kilichokuwa ndani.

Bidhaa za Marekani si ngeni katika nchi hizi. Kitambaa cha merikani kiliingia Zanzibar kwa meli za Salem, jimbo la Massachusetts, na mji wa Waltham, ambao kiwanda chake cha saa kilikuwa na soko kubwa Uingereza na katika makoloni yake, uko jimbo hilo hilo. Kiwanda hicho kilifunga shughuli zake mwaka 1957. Elgin iliacha kutengeneza saa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960.

Jambo la kufahamu ni kwamba saa hizi ziliuzwa vipande viwili. Kiwanda kimoja kilitengeneza mashine, kingine kasha, na mnunuzi alichagua dukani mashine ya uwezo wake na kasha la uwezo wake. Hilo liliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwa vya namba: saizi 18 ina kipenyo cha karibu milimita 45, saizi 16 milimita 43, saizi 12 karibu milimita 40. Kwa hiyo kuivalisha mashine kasha jingine si kuiharibu, ndivyo ilivyozaliwa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kasha ni dhahabu halisi ya karati 14 na lina uzito wa gramu 30. Karati 14 ni asilimia 58.5, hivyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 17.5, na kwa bei ya dola 4,000 hiyo ni karibu dola 2,250 kabla mnunuzi hajakata chake. Mashine ya kawaida ya vito 7 au 15 peke yake huuzwa kwa makumi ya dola tu. Huwezi kumlaumu mwenye ada ya shule akiliuza kasha hilo. Wamarekani wenyewe walifanya hivyo bei ilipofika dola 850 Januari 1980, makasha mengi yakaenda kwenye tanuru na mashine zikabaki uchi droo kwa droo.

Lakini makasha mengi si dhahabu halisi. Ni shaba nyeupe au ya njano iliyofunikwa ngozi nyembamba ya dhahabu. Dalili yake imeandikwa ndani ya mfuniko wa nyuma: ukiona idadi ya miaka ya dhamana, 10, 20 au 25, hiyo ni ngozi tu, kwani dhahabu halisi haihitaji dhamana ya kutochakaa. Kasha la aina hiyo likiyeyushwa hutoa kidogo mno, na mwenyewe atakuwa amevunja saa nzima kwa bei ya kuku wawili watatu.

Anayekamua alizeti hawezi kuyaacha mashudu kiwandani. Vivyo hivyo, mwenye kuuza kasha la dhahabu aondoke na mashine yake. Itafutiwe kasha la nikeli la saizi hiyo hiyo, na saa itatembea tena.

Kazi yenyewe inataka fundi mwenye subira. Kwanza springi kuu ilegezwe nguvu, maana ikifyatuka huvunja meno ya magurudumu. Skrubu mbili ndogo pembeni ndizo hushikilia mashine ndani ya kasha. Zipo saa, hasa za reli, zinazorekebishwa kwa kijiti kilichofichwa chini ya kioo, si kwa kuvuta kitasa; kasha jipya lazima likubaliane na mfumo huo. Tena mashine ya kasha lenye mfuniko juu ya uso ikiwekwa kwenye kasha la wazi, kitasa hukaa usawa wa namba 3 badala ya 12. Itafanya kazi, ila mnunuzi makini atapunguza bei.

Kosa kubwa la mafundi wa barabarani ni kutia mafuta bila kusafisha. Mafuta ya zamani hukauka yakawa gundi, na vumbi la Singida likichanganyika na mafuta mapya huwa msasa unaokula vyuma. Mashine ifunguliwe yote, ioshwe, ikaushwe, ndipo itiwe tone dogo la mafuta ya saa, si ya cherehani.

Kabla ya yote hayo, mwenye saa asome namba iliyochongwa kwenye mashine, siyo ya kasha, kwa kuwa ndiyo hutaja mwaka wa kutengenezwa. Ahesabu na vito. Baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, Aprili 1891, kwa sababu ya saa iliyosimama dakika nne, mashirika ya reli yalianza kudai saa isiyokosea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Mashine za daraja hilo, za vito 17, 19 au 21, wakusanyaji huzitafuta, na baadhi hufikia mamia ya dola hata bila kasha la thamani. Mizani ya dhahabu haina mahali pa kupima hilo.