Msondo Ulifika Kileleni Lini?

Ndugu msomaji, ukitaka kuona watu wazima waliokuwa wakinywa kahawa kwa amani wakigeuka mahasimu, fika Mwigobero, Musoma, wakati wa jioni, uulize: Msondo ulikuwa bora zaidi wakati gani?

Karani mmoja mstaafu hana shaka. Kwake yeye kilele ni NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakilipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote. Muhiddin Gurumo alikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1978 Gurumo alihamia Mlimani Park. Basi, asema mzee, kilichobaki kilikuwa jina tu.

Fundi mmoja wa Bunda, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha MUTEX, hakubali. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ilibadili jina, na katika miaka ya 1980 sauti ya Moshi William ikawateka wengi. "Kuondoka kwa mkubwa," asema fundi, "ndiko kulikowapa wadogo nafasi."

Ugomvi huo uliamuliwa na mama mmoja mwalimu, nyumbani Butiama, walipokutana arusini. Aliwauliza: nani kati yenu aliwahi kuingia ukumbini Dar es Salaam? Wakanyamaza. Ukumbi wao ulikuwa Radio Tanzania, iliyozirekodi bendi katika studio zake na kuzifikisha hadi vijiji vya Mara. Kwa hakika, kila mmoja alikuwa akiutetea mwaka aliponunua redio yake ya kwanza kwa mshahara wake mwenyewe.

Hakuna ubaya katika hilo. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, lakini hii ilivuka hadi karne nyingine kwa jina la Msondo Ngoma, na Gurumo mwenyewe alirejea kuiimbia. Hata hivyo, alipostaafu mwaka 2013, baada ya miaka hamsini na zaidi ya kuimba, ilibidi kijana Diamond Platnumz amzawadie gari. Mwaka uliofuata Gurumo alifariki dunia.

Basi tubishane, ndugu msomaji, maana ubishi ni dalili ya mapenzi. Lakini anayesema kilele kimepita asikifanye kisingizio cha kukwepa kiingilio mlangoni. Aliyetuimbia ujana wetu naye ni mfanyakazi, na mfanyakazi hustahili ujira wake.