Sasa, Zamani na Nafasi ya Mtu Ulimwenguni

Katika African Religions and Philosophy, kitabu kilichotolewa mwaka 1969, John Mbiti aliteua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yawe istilahi za kuelezea dhana ya wakati katika Afrika. Kwa maelezo yake, mtu hana makao ya kudumu ulimwenguni. Hata akifa hubaki katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akitoweka, naye huzama katika zamani.

Sehemu hii ya nadharia yahusu desturi ya kukumbuka. Sehemu ya pili yahusu lugha: kwamba njeo za wakati ujao katika Kikamba na Kigikuyu hazivuki miaka miwili, hivyo mabadiliko ya mbali hayafikiriki. Hapa pana tatizo. Kiswahili, kilichotoa istilahi zenyewe, hakina mpaka huo. Kiambishi -ta- hutumika kwa kesho na kwa karne ijayo pia.

Kiambishi hicho chatokana na kitenzi taka, kama idhihirikavyo katika atakayekuja. Hata hivyo, haijuzu kudai kwamba kwa Waswahili wakati ujao ni matakwa tu. Asili ya kiambishi si fikra ya msemaji. Kadhalika, uchache wa njeo si ufupi wa mawazo. Mwaka 1987 Kwame Gyekye naye aliipinga nadharia hiyo kwa ushahidi wa Kiakan.

Yafaa basi sehemu hizo mbili zipimwe mbalimbali: ya kwanza kwa mila, ya pili kwa sarufi.