Mchezo ambao mwenye kuliwa ndiye mshindi

Watu wengi wakisikia neno sataranji huwaza mara moja juu ya mabwana wenye miwani, waliokaa kimya mbele ya ubao kwa saa nyingi bila hata kukohoa. Sisi wa Kaptagat sifa zetu ni mbio, viazi na baridi ya alfajiri. Ni nani angetarajia kusikia habari za ngome na farasi huku kwetu msituni? Hata hivyo ningependa kumwarifu msomaji kwamba mchezo huo umetufikia kwa njia ya simu za mkononi, tena umekuja na ndugu zake wengi walio na vituko kuushinda wenyewe.

Nazungumzia sataranji zilizogeuzwa kanuni. Ubao ni ule ule wa nyumba 64, na kete ni zile zile 32, lakini sheria zimepinduliwa. Mimi huzicheza jioni kwenye Lichess, huduma ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Haitozi ada wala haina matangazo. Ukiwa na bando kidogo tu, unaweza kupambana na mtu wa Eldoret au wa Argentina bila kuondoka jikoni.

Kula ni lazima

Ule ninaoupenda zaidi naweza kuuita sataranji ya kinyume. Humo mfalme hana cheo. Huliwa kama mtu mwingine yeyote. Anayetangulia kumaliza kete zake zote ndiye mshindi. Na iko sheria moja kali: ukiona cha kula, huna budi kula.

Kwa mtu aliyelelewa na drafti ya vizibo vya soda, sheria hiyo si ngeni hata kidogo. Pale kibarazani mwa duka tumezoea kumtupia mwenzetu kizibo kimoja, ale kwa lazima, kisha sisi tumle vitatu. Aliyesoma sataranji vitabuni ndiye anayetaabika.

Tuchukue mfano. Wanafunzi wengi wa sataranji ya kawaida hufundishwa kuanza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Ni mwanzo mwema wenye heshima zake. Katika sataranji ya kinyume, mwanzo huo huo ni maangamizi. Mweusi humjibu kwa kumsogeza hatua mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa malkia. Papo hapo askofu wa mweupe hulazimika kutoka mbio kwenda kumla. Zamu ikimrudia, anakuta kingine cha kula, na wakati yeye anashiba, mwenzake anapunguziwa mzigo. Mwaka 2016 mtaalamu wa hesabu Mark Watkins alithibitisha kwa kompyuta kwamba mweupe ana njia ya ushindi wa hakika katika mchezo huu, akianza na askari yule yule wa mbele ya mfalme. Lakini yampasa amsogeze hatua moja tu, si mbili!

Mabomu na bahati nasibu

Iko pia sataranji ya atomiki. Humo kete ikila, hulipuka: hufa yenyewe, hufa iliyoliwa, na hufa kete zote za jirani isipokuwa askari. Ukimlipua mfalme wa mwenzio, umeshinda. Inachangamsha, lakini kwa maoni yangu hukinaisha upesi, maana mara nyingi vita hukwisha kabla chai haijapoa.

Yenye uzito zaidi ni Sataranji 960. Mwamerika Bobby Fischer, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972, aliitangaza mjini Buenos Aires mwaka 1996. Kete za safu ya nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, na mipangilio inayowezekana ni 960. Fischer alikusudia kuwanyima watu faida ya kukariri. Mwaka 2019 huko Norway, katika fainali ya ubingwa rasmi wa kwanza wa dunia wa mchezo huo, Wesley So alimcharaza Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa sataranji ya kawaida, kwa pointi 13.5 dhidi ya 2.5.

Wako wanaonung'unika kwamba michezo hii inaharibu sataranji ya asili. Nami nawauliza: asili ipi? Mchezo ulitoka India, ukapita Uajemi, ukawafikia Waarabu, ambao kwao tumepata neno lenyewe. Zamani hizo hapakuwa na malkia ubaoni; alikuwapo waziri aliyekwenda hatua moja moja ya mshazari. Askofu naye alikuwa tembo. Malkia hakupata nguvu zake za leo ila mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya. Basi hata huo tunaouita wa asili uligeuzwa.

Kuupitia mchezo

Lakini kucheza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuupitia upya mchezo uliokwisha, hatua kwa hatua, na kuuliza kwa nini. Jambo hili lisitushangaze sisi. Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi hapa Kaptagat kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, ameeleza kwamba huyaandika mazoezi yake daftarini.

Jirani yangu mmoja, mzee mkulima wa viazi, hajapata kufungua kitabu cha sataranji. Mjukuu wake anayesoma chuo huko Nairobi ndiye aliyemfundisha ile ya kinyume wakati wa likizo. Kabla ya hapo walizungumza kwa simu juu ya karo na nauli tu. Sasa hucheza mara tatu kwa wiki, na kila mchezo ukiisha hupigiana simu.

"Kugo, mbona ulinipa farasi bure?" kijana huuliza.

"Sikukupa bure. Nilitaka ngome yako itoke mlangoni."

Mwanzoni kijana alipenda kubonyeza mahali pa mashine, ili itoe hukumu yake mara moja. Mzee alikataa kabisa. Alisema mashine ije mwisho, wao wakisha kuzungumza.

Jumamosi moja nilikuwapo. Kijana alikuwa amecheza ovyo kupita kiasi, na mzee akamwuliza, kwa sauti ya taratibu, ana nini. Kukawa kimya. Kisha kijana akasema amefeli mitihani miwili, na ni mwezi mzima anaogopa kurudi nyumbani. Mzee hakugomba. Alimwambia aje mwisho wa wiki, wavune viazi, wazungumze. Kijana akaja. Baadaye aliirudia mitihani yake, na wote wawili wameniruhusu kuyasimulia haya.

Mashine siku ile ingalionyesha kwamba kete fulani ilikwenda vibaya, na isingalikosea. Lakini isingalimwuliza kijana ana nini.

Kwa hiyo nampa shauri anayeanza. Acha tabia ya kucheza michezo thelathini usiku mmoja hadi bando likaisha na macho yakawa mekundu. Cheza mmoja, upitie huo mmoja. Tumia kwanza kichwa chako, kisha kichwa cha mwenzako, na mashine iwe ya tatu. Anza na sataranji ya kinyume iwapo unajua drafti. Nenda kwenye 960 ukiisha kuijua ya kawaida.

Na nyinyi wazazi mnaolalamika kila siku kwamba vijana wamezama ndani ya simu, msiishie kulalamika. Waombeni wawafundishe mchezo mmoja, kisha muupitie pamoja.