Vigari vya Kusubu na Watu Wanaovitunza

Jamii ya wakusanyaji wa vigari vya mfano, yaani nakala ndogo za magari halisi zinazotengenezwa kwa kufuata uwiano maalumu wa vipimo, husemwa vibaya kwa namna mbili zisizopatana. Wapo wanaowaona kuwa ni watu wazima walioshindwa kuacha michezo ya utotoni, na wapo wanaowadhania kuwa ni walanguzi wanaoficha bidhaa wakisubiri bei ipande. Lau umaarufu wa kigari ungetokana na utoto mtupu, vyote vingependwa sawasawa, na lau ungetokana na bei peke yake, toleo la ghali lililotoka kiwandani jana lingetukuzwa kuliko kigari cha mwaka 1955 kilichobanduka rangi. Mambo hayako hivyo, na anayetaka kujua sababu hana budi kurudi kwenye viwanda na kwenye sakafu ambazo vigari hivyo vilichezewa.

Desturi hii ilipata mizizi Uingereza, katika mji wa Liverpool, ambako kampuni ya Meccano ya Frank Hornby ilianza mwaka 1934 kuuza vigari kwa jina la Dinky Toys. Hapo kwanza vilikusudiwa kupamba njia za treni za kuchezea za kampuni hiyohiyo, ambazo vipimo vyake vilikuwa milimita 7 kwa kila futi moja ya kitu halisi, na hapo ndipo ulipotoka uwiano wa 1:43 ambao hadi leo unaheshimiwa sana na wakusanyaji wa Ulaya. Vilitengenezwa kwa kusubu, yaani kuisukuma kwa shinikizo aloi ya zinki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Vile vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vimekuwa adimu kwa sababu mojawapo ya kusikitisha: pale zinki ilipochanganyika na risasi kidogo, metali huvimba, hupasuka na mwishowe humong'onyoka yenyewe kabatini, wala haina dawa. Mwaka 1953 kampuni ya Lesney ya London ilianzisha Matchbox, baada ya mhandisi wake Jack Odell kumtengenezea bintiye mashine ndogo ya kushindilia barabara, kwa kuwa shuleni kwao mtoto aliruhusiwa kuleta mchezo unaoingia ndani ya kibweta cha kiberiti tu. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979 na Lesney ikafilisika mwaka 1982, wakati ambapo watoto wa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye mishahara yao. Walichokitafuta ni kile kilichowavunjikia au kilichogawiwa wengine na wazazi wao, na kwa kuwa vingi vilichezewa hadi vikaisha, vichache vilivyosalia vikawa na thamani ambayo hakuna aliyeipanga.

Hata hivyo uchache hautoshi. Kigari hupendwa zaidi pale kinapobeba habari ya gari lenyewe, na hapa kampuni ya Mettoy, iliyoanza kutengeneza Corgi Toys huko Swansea, Wales, mwaka 1956, iliwatangulia wengine. Aston Martin DB5 yake ya mwaka 1965, iliyotokana na filamu za James Bond, ilipakwa rangi ya dhahabu ingawa gari la kwenye filamu lilikuwa la fedha. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni paa hufunguka na kiti humrusha nje mtu mdogo wa plastiki. Mtu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupotea katika kila nyumba, na leo mkusanyaji humwulizia yeye kabla ya kuuliza hali ya rangi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sehemu yao katika historia hii, nayo haitajwi inavyostahili. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ukali wa njia zake ulikuwa kiasi kwamba mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Volkswagen ilikuwa miongoni mwa washindi wa miaka ya mwanzo, na Corgi ikatoa Volkswagen nyekundu ya mashindano hayo, yenye tairi la akiba juu ya paa ambalo likizungushwa hugeuza magurudumu ya mbele, na pembeni yake ndani ya boksi akawekwa kifaru anayeshambulia. Kifaru huyo anaeleza fikra za Swansea kuliko barabara za Afrika Mashariki, ambako matope na vumbi ndivyo vilivyowaangusha madereva. Lakini bila yeye seti haihesabiwi kuwa kamili, na gari lililo peke yake huuzwa kwa bei ya chini mno.

Ibada kubwa ya jamii hii ni ukaguzi. Mkusanyaji mzoefu akipewa kigari hakitazami usoni kwanza, bali hukipindua, akasoma jina na namba zilizochorwa kwenye bamba la chini, kisha akavichunguza vichwa vya ribiti zinazoshikilia bamba hilo, kwa sababu ribiti iliyotobolewa ni ushahidi kwamba kigari kimefunguliwa na pengine kimepakwa rangi upya. Kupaka upya si kosa. Kosa ni kunyamaza, na anayeficha hapati tena wa kubadilishana naye. Minada na vitabu vya bei vipo, lakini si roho ya jambo.

Kilichoharibika katika desturi hii kinaonekana Marekani. Kampuni ya Mattel ilianzisha vigari vya Hot Wheels mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatengeneza mfano wa gari la Volkswagen lenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi zikitokeza dirisha la nyuma. Mfano huo ulikuwa mwembamba mno kwa mashine ya kurushia vigari, ukabuniwa upya kwa umbo pana, na nakala chache za awali zikawa hazina inayosakwa kupita zote. Uchache huo ulizaliwa na kazi. Mwaka 1995 kampuni hiyohiyo ilianza kupanga uchache wenyewe, kwa kutoa vigari 12 vya Treasure Hunt, kila kimoja nakala 10,000. Tangu hapo wapo wanaoviwahi madukani kabla ya watoto, wakaviweka vikiwa vimefungwa katika vifungashio vyake, na kigari ambacho hakijawahi kusukumwa sakafuni hakina mtoto atakayekikumbuka baada ya miaka thelathini. Wakusanyaji wanaolalamika kwamba vijana hawajiungi nao wavifungue hivyo vifungashio, wawape watoto wavichezee.