Mbayuwayu wa Tunduma na Pete Iliyotupwa Chooni

Nilipokuwa field, nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Momba, kufundisha Biolojia kidato cha pili. Ilikuwa Julai. Nikawaambia wanafunzi kwamba mbayuwayu tunaowaona kwenye nyaya za umeme huondoka kila Machi au Aprili, wanakwenda Ulaya na Asia kuzaa, kisha wanarudi kuanzia Septemba na Oktoba. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, kwani aliyewafuata mpaka huko ni nani?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana jibu la swali hilo niliwahi kulishika mkononi nikiwa na miaka tisa.

Nyumbani kwetu ni Tunduma, si mbali na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde. Kaka yangu alimwangusha mbayuwayu kwa manati. Tulipomwokota tukakuta mguuni ana kibati chepesi kilichokunjwa kama pete, kina maandishi madogo kuliko mchele. Tulikigeuzageuza juani tukasoma neno moja, MUSEUM, na tarakimu kadhaa. Bibi alipokiona akapiga ukelele. Kwake yeye, ndege mwenye chuma mguuni ni ndege aliyetumwa, na aliyemtuma hana nia njema. Pete ikaishia chooni, ndege akafukiwa nyuma ya nyumba, kaka akaogeshwa maji ya majani. Kesi ikafungwa.

Kabla hujamcheka bibi yangu, kumbuka kwamba mwaka 2013 huko Misri korongo mzima aliwekwa rumande kwa tuhuma za ujasusi, kwa sababu alikuwa amefungwa kifaa mgongoni. Kilikuwa kifaa cha watafiti cha kufuatilia safari yake.

Sasa hiyo pete ni nini? Ni karatasi ya anwani iliyoandikwa juu ya alumini. Watafiti hutandaza nyavu nyembamba za nyuzi nyeusi kati ya milingoti miwili, ndege akinasa wanamtoa taratibu, wanamshika shingo yake ikikaa kati ya kidole cha shahada na cha kati ili asiumie. Wanambana pete mguuni kwa koleo maalumu, wanapima bawa na uzito, wanaandika tarehe na mahali, wanamwachia. Kila pete ina namba ya peke yake duniani na jina la taasisi ya kuarifiwa. Basi. Haina betri wala haitumi taarifa yoyote.

Ndiyo, najua utauliza kwa nini wasitumie GPS. Mbayuwayu mzima ana gramu 20 hivi, kama vijiko vinne vya chai vya sukari. Chombo cha kuwasiliana na setilaiti kinachobebwa na korongo bila shida kitamwelemea. Pete haimlemei. Marekani wanawavisha hata wale ndege wavumaji wanaofyonza maua kama chozi wetu, na wengine wao wana gramu tatu tu.

Aliyeanzisha utaratibu huu wa kisayansi alikuwa mwalimu, jambo ambalo sisi wa elimu tulipaswa kulitangaza zaidi. Hans Christian Mortensen alifundisha shule katika mji wa Viborg, Denmark. Alijaribu kwanza pete za zinki, zikawa nzito mno. Mwaka 1899 akawavisha ndege 165 pete za alumini zenye namba na anwani, akakaa kusubiri barua.

Kusubiri barua ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao wanakwenda wapi baridi ikianza. Wapo walioandika kwamba wanalala chini ya matope ya maziwa. Mei 1911, John Masefield, wakili wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake. Desemba 1912 ndege yule akakamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Mtu wa huko akasoma anwani, akaandika barua London. Barua moja ikamaliza ubishi wa miaka mingi: mbayuwayu wa Uingereza wanafika mpaka kusini mwa Afrika. Kama huyo mtu angekuwa na bibi kama wangu, Masefield angebaki anashangaa tu.

Kwa ndege wadogo namna hii, katika kila mia wanaovishwa pete, hapatikani hata mmoja wa kutolewa taarifa akiwa mbali. Ndiyo maana inaniuma. Na sijui nilipoteza barua ya nani. Pete za Uingereza ziliandikwa jina la jumba la makumbusho la London, na za Kenya zilitaja makumbusho ya Nairobi. Neno MUSEUM peke yake halinisaidii.

Kenya nimeitaja kwa sababu, tofauti na tunavyodhani, kazi hii haifanywi na Wazungu kwao tu. Pale Ngulia, hifadhi ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watu hukesha usiku wa Novemba na Desemba mwezi ukiwa haupo na ukungu umeshuka. Ndege wanaosafiri gizani kuja kusini huvutwa na taa za hoteli, wananaswa, wanavishwa pete, wanaachiwa. Wameshavishwa mamia ya maelfu. Miongoni mwao yumo ndege mdogo wa rangi ya udongo, Acrocephalus palustris, ambaye hupita huku kwetu pia akielekea Zambia na Malawi. Huyu ana kituko chake. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alisikiliza madume wakiimba Ubelgiji, akagundua kuwa zaidi ya nusu ya sauti wanazoiga ni za ndege wa Afrika. Yaani njia waliyopita ilikuwa imo ndani ya wimbo. Mbayuwayu hana kipaji hicho, kwake lazima tutegemee pete.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo wa MUSEUM bado anasubiri.

Kwa hiyo ukiona ndege aliyekufa ana pete, andika herufi na namba zote bila kuruka, tarehe na jina la mahali, piga picha, tuma kwenye anwani iliyoandikwa pale. Pete nyingi za Ulaya siku hizi zina anwani ya tovuti kabisa. Akiwa hai, soma namba, usiivue pete, mwachie. Na usiwawinde kwa kutafuta pete, utaua mia na usipate hata moja. Kaka yangu sasa ni utingo wa lori, anavuka Nakonde karibu kila wiki. Manati aliacha zamani. Nimemwandikia haya kwenye simu, na ameniahidi kuwaonyesha madereva kwenye foleni.