Supu ya Haraka kwa Mwenye Kisukari

Je, nyumbani kwako yuko mgonjwa wa kisukari? Ugali, wali na tambi vikizidi, sukari hupanda katika damu. Ikikaa juu muda mrefu huharibu macho, figo na miguu.

Mpikie supu hii. Osha konzi 2 za dagaa wakavu mpaka mchanga uishe. Wachemshe katika vikombe 3 vya maji pamoja na nyanya na kitunguu, dakika 10. Kata kabichi nyembamba kama tambi, uitie. Ngoja dakika 5. Tia chumvi kidogo na ndimu.

Mpe pamoja na ugali kidogo wa dona. Asiache dawa, wala asimeze dawa akakaa na njaa. Sukari ikishuka mno, mgonjwa huzimia.