Ndugu yako yuko Uhispania? Mwambie asome kabla ya kubonyeza

Huenda una dada, mpwa au rafiki aliyehamia Uhispania. Picha anazokutumia ni za jua, bahari na michungwa ya Valencia. Zisichoonyesha ni siku zake za kawaida: foleni za ofisini, makaratasi, na kujifunza upya jinsi ya kulipa.

Tuanze na saa. Kule chakula cha mchana huliwa saa nane, na cha usiku saa tatu au hata saa nne. Maduka madogo mengi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa hivyo anayetoka kazini na njaa zake asipopanga mapema atakuta milango imefungwa. Ukitaka kumpigia, kumbuka wako nyuma yetu kwa saa moja msimu wa joto na saa mbili msimu wa baridi.

Halafu makaratasi. Mgeni hupewa nambari ya utambulisho iitwayo NIE, na hujiandikisha anapoishi katika ofisi za manispaa. Bila hivyo, mambo ya kazi na kodi hukwama.

Na pesa je? Kule hakuna wakala wa kona kama huku kwetu. Tangu 2016 wana Bizum, huduma inayounganisha nambari ya simu na akaunti ya benki. Unatuma kwa nambari ya simu, na kwa sekunde chache pesa ziko kwenye benki ya mwenzako. Rahisi sana. Lakini palipo na urahisi, matapeli nao wapo.

Tuseme dada yako anauza baiskeli mtandaoni kwa euro 120. Mnunuzi anajitokeza haraka, habishani bei, anasema, "Nakulipa sasa hivi kwa Bizum." Simu inalia. Dada anaona 120, anafurahi, anabonyeza kukubali. Kumbe hakutumiwa pesa. Ameletewa ombi la kulipa, na ameliidhinisha mwenyewe. Neno lililokuwa kwenye skrini lilikuwa "solicitar", yaani kuomba, wala si "enviar", yaani kutuma. Kwa mtu ambaye bado anajifunza Kihispania, ni rahisi sana kulipita.

Unaona kama unaijua hadithi hii? Ni ndugu wa ile ya huku: "Samahani, nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Lugha ni nyingine, mbinu ni ileile. Wanakuharakisha ili usisome.

Kwa hivyo, uwe Nakuru au Valencia, shika haya:

1. Kupokea pesa hakuhitaji PIN wala idhini yako. Ukiombwa uidhinishe, jua unalipa.
2. Usiamini ujumbe peke yake. Angalia salio lako kwanza, ndipo utoe bidhaa.
3. Anayekuharakisha, mwambie angoje. Mnunuzi wa kweli ataweza kungoja dakika mbili.

Jambo la mwisho ni la nyumba. Sheria ya Uhispania humtaka mpangaji atoe amana ya kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anaweza kudai dhamana ya ziada. Ni pesa nyingi kwa aliyefika juzi, na mara nyingi familia huku nyumbani huchangishana. Kabla ya kutuma, uliza: umeiona hiyo nyumba kwa macho yako, au ni picha tu? Na ombi likitoka kwa nambari usiyoijua, "hii ndiyo laini yangu mpya", mpigie kwa ile ya zamani usikie sauti yake.

Hatakuona mchoyo. Pesa mliyochanga kwa jasho ikishaenda kwa tapeli, kuipata tena ni kazi ngumu. Mtumie makala haya leo, kabla hajaiuza hiyo baiskeli.